Naomba ushauri: Nungwi au Paje kwa mama mwenye magoti mabovu?

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa nane nataka kumpeleka mama Unguja, tukitokea Dodoma. Ana miaka 68 na hajawahi kuiona bahari. Kabatini kwake kuna kombe moja kubwa la baharini ambalo marehemu baba alimletea kutoka Tanga. Hadi leo hulifuta vumbi kwa ncha ya kanga na kuliweka sikioni. Safari hii naitaka iwe yake kwelikweli.

Naelekea kuchagua Nungwi kwa sababu kule maji hayakupwi mbali kama Paje na Jambiani, ambako yakitoka unatembea mwendo mrefu mchangani kuyafuata. Kwa magoti yake hilo haliwezekani. Tena Nungwi wanaunda majahazi pale pale ufukweni, na marehemu baba alikuwa fundi seremala, najua mama atakaa kuwatazama mpaka jua lizame.

Sasa wenyeji nisaidieni. Je, zipo nyumba za wageni za bei ya kawaida ambazo mtu hashuki ngazi nyingi kufika mchangani? Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili, lakini mwezi wa nane upepo wa kusi bado unavuma na mama hutapika hata kwenye basi. Asubuhi bahari huwa tulivu zaidi, au nijibane tupande ndege? Na kutoka mjini, daladala la 116 la kwenda Nungwi linamfaa mzee, au nikodi teksi tu?