Kansas: mwanafunzi asiyekwenda futiboli anyimwe tiketi ya kikapu?

Mleta Mada
Wakuu, hoja ndiyo hii. Chuo Kikuu cha Kansas, pale Lawrence, ni nyumba ya mpira wa kikapu. Kocha wake wa kwanza alikuwa James Naismith, yule yule aliyeubuni mchezo, na ubingwa wa NCAA, yaani wa vyuo vya Marekani, kimeuchukua 1952, 1988, 2008 na 2022. Futiboli ya Kimarekani ndiyo mtoto wa kambo: timu ilimaliza 0-12 mwaka 2015 (ushindi sifuri, vipigo 12) na 0-9 mwaka 2020. Sasa uwanja wa futiboli umejengwa upya, ukafunguliwa Agosti 2025, viti 41,000 hivi, na viti havijijazi. Kuna wanaotaka mwanafunzi apewe pointi kila anapohudhuria futiboli, asiye nazo akae mwisho wa foleni ya kikapu Allen Fieldhouse, ukumbi wa kikapu wa chuo. Ni haki? Itafanya kazi?

Kikapu Kwanza
Haitafanya kazi, na tuiweke haki pembeni kwanza. Pointi zitahesabiwa wapi? Mlangoni, tiketi inaposkaniwa. Mtu ataskaniwa, atakaa robo ya kwanza, atapiga picha, ataondoka. Mtabaki na takwimu nzuri na viti vitupu.

Halafu foleni ya kikapu ina sheria zake. Wanafunzi wanajiandikisha kwa makundi, bahati nasibu inapanga nani atangulie, kisha kila kundi linaacha mtu ndani ya jengo akishika zamu. Majina huitwa bila taarifa; kundi ambalo mtu wake hayupo linafutwa. Foleni hiyo ndiyo shule ya ushabiki. Humo mgeni wa mwaka wa kwanza anafundishwa kwamba timu pinzani ikitambulishwa unafungua gazeti na kujifanya unasoma, na wenyeji wakitajwa unalichana na kulirusha juu. Ukichomeka pointi za futiboli humo, unamtanguliza mwenye Jumamosi tupu mbele ya anayefanya kazi wikendi.

Mlima Oread
Kuhusu skana nakubali. Ila usijidanganye kwamba kikapu kinajitosheleza. Mwaka 2010 na 2011 Big 12, ligi ambamo Kansas inacheza, ilikaribia kuvunjika kwa vyuo kuhamia ligi nyingine: Nebraska ikaenda Big Ten, Colorado Pac-12, kisha Missouri na Texas A&M wakahamia SEC. Mataji ya Kansas hayakuiwekea dhamana yoyote, maana mikataba ya televisheni hutazama futiboli kwanza. Jirani na hasimu mkubwa akaondoka, na mechi ya futiboli dhidi ya Missouri haikuchezwa tena mpaka Septemba 2025, Kansas ikalala 42-31.

Hata mwenye pesa ameliona hilo. David Booth, mfadhili wa chuo, alinunua karatasi za awali za kanuni za Naismith mwaka 2010 kwa dola milioni 4.3, na ziko jengo la jirani na Allen Fieldhouse. Booth huyo huyo ndiye mwenye jina kwenye uwanja wa futiboli, na mwaka 2025 alitangaza dola milioni 300 kwa idara ya michezo. Mpenzi wa kikapu kuliko yeye mtamtoa wapi?

Mkaa Tayari
Mnajadili pointi kana kwamba watu hawana hamu. Tatizo ni saa. Televisheni hutangaza muda wa mechi siku 12 kabla, mara nyingine 6. Sasa panga karamu ya maegeshoni, ile ya kuchoma nyama kando ya magari kabla ya mechi, kwa ratiba hiyo, tena karibu na Kansas City, ambako nyama ni dini.

Kidari cha ng'ombe cha kilo 5 au 6 kinataka saa 10 hadi 12 kwenye moshi wa nyuzi 110. Mechi ikiwekwa saa 5 asubuhi, huyo awashe moto usiku wa kuamkia Jumamosi. Hatawasha. Atachoma soseji, na kwa soseji mkaa uwake saa 1 asubuhi, watu wale saa 3, wawe langoni saa 4. Kosa la kila wiki ni kuchelewa kuwasha: chakula kinaiva dakika 20 kabla ya mpira kupigwa, sahani zinagawiwa, na robo ya kwanza yote inasikilizwa redioni karibu na jiko. Hakuna aliyeigomea timu hapo. Mtu ana mbavu mkononi!

Jambo la pili ni mapumziko. Ukiruhusu watu kutoka na kurudi, wanarudi kwenye kiti cha kukunja na hapo ndipo wanapobaki. Funga milango, lakini basi weka maji na chakula cha bei ya kibinadamu ndani. Na mkaa uzimwe kwa kuziba matundu ya hewa mapema. Makaa ya moto ndani ya pipa la plastiki yameunguza sherehe nyingi.

Mlima Oread
Na wakishaingia, wengi hawajui wakati wa kupiga kelele. Kwenye kikapu unapiga mfululizo. Februari 2017 Allen Fieldhouse ilipimwa desibeli 130.4, rekodi ya Guinness ya ndani ya ukumbi. Ukileta tabia hiyo futiboli unamziba masikio kwotabeki wako mwenyewe, yule anayeongoza mashambulizi, anapoita mpango. Timu yako ikiwa na mpira, nyamaza. Mpinzani akiwa na mpira, hasa jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10, anza kelele wakiwa bado wamekusanyika, usisubiri wajipange. Mchezaji wao mmoja wa mstari wa mbele akitikisika kabla ya mpira kutoka, ni adhabu ya yadi 5, na hizo ni zenu jukwaani.

Uwanja wa zamani nao ulichangia. Mpaka 2014 kulikuwa na njia ya riadha kati ya shabiki na nyasi, na upande wa kusini ulikuwa wazi, sauti ikipotelea mlimani.

Kikapu Kwanza
Sawa, lakini tazameni mwaka 2022. Timu ilianza 5-0, kipindi cha televisheni cha College GameDay kikaja Lawrence. Oktoba 2023 Oklahoma ikafungwa 38-33, wanafunzi wakang'oa nguzo za goli na kuzibeba mpaka ziwa la Potter, pale pale chuoni. Mwamba wa mlalo uko futi 10 juu, sawasawa na ringi ya kikapu, labda ndiyo maana walijua kuufikia. Siku ile nani aliahidiwa pointi?

Mleta Mada
Siku ile timu ilikuwa inashinda, mkuu. Msimu wa 2025 ulikwisha 5-7. Na Novemba kikapu kimeshaanza, shabiki ana mahali pa joto pa kukimbilia. Novemba ya baridi utaijaza na nini?

Mkaa Tayari
Supu. Kweli kabisa. Na siku zinapogongana, kikapu kiwekwe jioni, walau muda wa saa 5 baada ya futiboli kuanza, kwa sababu mechi yenyewe inakula saa 3 na nusu.

Kikapu Kwanza
Na mimi nitazikubali pointi kwa sharti moja: skana iwekwe mlango wa kutokea, iwashwe robo ya nne.

Mkaa Tayari
Hiyo naunga mkono. Ila kwanza mniambie nani atasimama pale na skana, timu ikiwa nyuma kwa 28 na mvua inanyesha.