Mjadala: Je, ni heshima kuliweka jina la aliyeuawa chini, njiani watu wapitapo?

Tangu mwaka 2004 jiji la Munich limekataa jambo ambalo miji mingi ya Ujerumani imelipokea, nalo ni mawe ya kujikwaa, au Stolpersteine, ambayo msanii Gunter Demnig huyazika mbele ya nyumba walimoishi watu walioangamizwa na Wanazi. Kila jiwe, sentimita 10 kwa 10, lina bamba la shaba lililochongwa jina la mtu, mwaka aliozaliwa na yaliyompata. La 100,000 liliwekwa mwaka 2023 huko Nuremberg, katika jimbo lilelile la Bavaria.

Baraza la jiji lilirudia katazo hilo mwaka 2015, ingawa viwanja vya watu binafsi havikuhusishwa. Sauti nzito ilikuwa ya Charlotte Knobloch, kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa Munich, ambaye utotoni alifichwa kijijini na familia ya Kikatoliki. Kwake, waliokanyagwa wakiwa hai hawapaswi kukanyagwa tena. Sisi tuliolelewa kutokanyaga makaburi tunaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa.

Hata hivyo, jiwe si kaburi, na wengi wa wanaotajwa hawana kaburi kabisa. Wayahudi wapatao 1,000 waliosafirishwa kutoka Munich Novemba 1941 walipigwa risasi Kaunas, nchini Lithuania, siku chache baadaye. Mjukuu akiomba jina la bibi yake lirudi mlangoni alikotolewa, baraza linapata wapi mamlaka ya kumwambia kwamba anamvunjia bibi heshima? Vibao ambavyo jiji lilianza kuvitundika mwaka 2018, ukutani au kwenye nguzo, ni vya adabu, lakini jicho huvipita kama linavyopita kibao chochote cha mtaa.

Berlin kuna jiwe la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili mjini humo na kufia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Hakuwa Myahudi, ila wauaji ni walewale. Nilipolifikia, mguu wangu wenyewe ulikataa. Nililizunguka, kisha nikainama kusoma.

Kwa hiyo nasema familia ndiyo iamue. Wanaopinga wanijibu hili: pale ambapo ukoo mzima uliangamizwa, asibaki hata mmoja wa kuomba wala kukataa, nani atamsemea marehemu?