Swali la maandishi kwa waziri wa afya wa kaunti: niliandikeje asiteleze?

NdotoYaWadi: Habari zenu wanajukwaa. Nafanya kazi ofisi ya MCA (mjumbe wa bunge la kaunti hapa Kenya) mmoja, kaunti siitaji. Mheshimiwa ameniachia nimwandalie ombi la taarifa kuhusu zahanati ya wadi yetu. Kuta zimesimama, paa hakuna, mbuzi ndio wamelazwa humo. Tukiuliza tunaambiwa "mradi unaendelea". Niandikeje? Nina haraka, usingizi sipati.

KaraniMstaafu: Usiulize "itakamilika lini". Utajibiwa "fedha zikipatikana" na kikao kisonge mbele. Uliza yenye nambari: mkataba ni wa kiasi gani, ulitiwa saini lini, mkandarasi ni nani, amelipwa ngapi, nani aliikagua kazi. Waziri wa kaunti si mjumbe wa bunge, kwa hiyo kwa kawaida jibu huletwa na mwenyekiti wa kamati. Mheshimiwa asiridhike na karatasi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, 2012, kinairuhusu kamati kumwita waziri mwenyewe.

MamaSamosa: Kwetu MCA aliuliza kuhusu soko. Jibu likaja na picha nzuri sana, za soko la kaunti jirani! Sisi bado tunauza sukuma kwenye matope.

BondeKavu: Maswali ya nini? Asubuhi swali, jioni bahasha, kesho swali limeondolewa.

KaraniMstaafu: NdotoYaWadi, haraka hii inatoka wapi? Nani anakusukuma?

NdotoYaWadi: Haya basi. Aliyejenga ni mume wangu, ingawa kampuni ni kwa jina la kaka yake. Mheshimiwa hajui. Alimaliza kazi, kaunti haijamlipa, na benki imeshaanza kuulizia shamba. Lakini wananchi wanataka zahanati, naye anataka jasho lake. Kosa liko wapi?

UstadhPwani: Dada yangu, kosa ni kumsimamisha mtu bungeni aseme shida za nyumba yako akidhani ni za wadi. Kifungu cha 75 cha Katiba kinamtaka kiongozi asichanganye kazi ya umma na maslahi binafsi. Siku mambo yakifumuka, atakayeulizwa ni yeye. Mwambie kabla hajasimama.

SufuriaYaJana: Ngojeni kwanza. Mwanzo paa hakuna, sasa mume "alimaliza kazi". Alimaliza nini? Hii ni hekaya.

BondeKavu: Nami nilinusa. Mbuzi, benki, shamba... amebaki mama mkwe tu.

NdotoYaWadi: Mkataba wake ulikuwa msingi na kuta! Paa ni awamu ya pili, na wa awamu ya pili hajaonekana. Si hekaya. Barua iko kwa karani wa bunge tayari, mheshimiwa alitia saini bila kusoma. Nilitaka kujua tu kama naweza kuongeza kipengele cha madeni ya wakandarasi.

KaraniMstaafu: Kumbe! Na kile cha "mkandarasi ni nani" ulikiweka?

NdotoYaWadi: Hicho sikukiweka.

KaraniMstaafu: Basi jiandae. Ndicho wenzake watakachorukia kwenye swali la nyongeza, na jina la shemeji yako liingie Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya bunge.

SufuriaYaJana: Bado siamini. MCA gani anatia saini bila kusoma?

BondeKavu: Wewe unaishi kaunti gani?

MamaSamosa: Kikao ni lini? Kifungu cha 196 cha Katiba kinasema vikao ni vya wazi. Nakuja na ndoo yangu ya samosa, hapo kutakuwa na wateja.