Biodizeli iendelee kubebwa na ruzuku?

Mleta mada: Wakuu, kila wenye mitambo ya biodizeli (dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama) wakilia hasara, dawa wanayoitaja ni moja: serikali iongeze ruzuku. Napinga. Malighafi, yaani hayo mafuta, peke yake hula asilimia 70 hadi 80 ya gharama za uzalishaji. Anayenunua soya au mawese safi, yanayofaa kupikia, faida yake imeshakwenda kabla hajawasha mtambo. Kwa nini walipa kodi wamfidie, ilhali mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yapo na ni rahisi?

Mchangiaji 1: Rahisi kununua, mkuu, siyo kuyachakata. Yana maji na asidi huru (asidi za mafuta zilizojitenga). Asidi ikipita asilimia 1 au 2, kostiki soda, ile tunayochochea nayo mmenyuko, inakutengenezea sabuni badala ya biodizeli. Niliwahi kungoja glisaroli (zao la pembeni la biodizeli) ijitenge usiku kucha. Asubuhi pipa zima limekuwa uji.

Mleta mada: Pole, lakini ulipima asidi kabla ya kuanza? Ikiwa juu, unatanguliza methanoli (alkoholi inayogeuza mafuta kuwa biodizeli) na asidi ya salfuriki, unaondoa maji, ndipo kostiki iingie. Kazi inaongezeka, sikatai.

Tena kuna uvujaji ambao hausemwi. Molekuli 1 ya mafuta inahitaji 3 za methanoli, ila viwandani huwekwa 6 ili mmenyuko ufike mwisho. Ile ziada nyingi hubaki ndani ya glisaroli, na wengine wanaimwaga yote! Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi. Ivukize, ipoze, irudi tangini. (Mtambo uwe umefungwa vizuri, maana mvuke wake ni sumu na unashika moto upesi.)

Mchangiaji 2: Vipi vimeng'enya badala ya kostiki? Kimoja chao, lipesi, hakitishwi na asidi huru.

Mleta mada: Kweli, ila ni ghali na ya polepole. Labda uitumie mara nyingi.

Mchangiaji 3: Nyote mnazungumzia mtambo tu. Dizeli ya petroli hailipii moshi wake, kwa hiyo bei yake si ya haki. Hata mtambo usiomwaga tone utashindwa kushindana nayo. Ruzuku inasawazisha uwanja.

Mleta mada: Hapo umenibana kidogo. Basi ilipwe kwa kila lita ya mafuta machafu iliyokusanywa, wa mawese safi wajitegemee.

Mchangiaji 1: Ukifanya hivyo, watu watakaangia mawese safi chipsi mbili na kuyaita machafu. Nani atakagua?