Baba kaongezwa painti tatu za damu, na tumbo halikumuuma hata siku moja

Mwana wa Fundi, Lamu
Assalamu alaikum. Babangu ni fundi wa majahazi Matondoni, ana miaka 67, pombe wala sigara hajui. Magoti yamemsumbua tangu kusi ya mwaka jana, akawa anajinunulia vidonge vya diklofenaki, asubuhi na jioni, mara nyingi juu ya kahawa tupu. Jumanne alfajiri aliinuka kutawadha akaanguka mlangoni mwa choo. Nilipomshika, mkono baridi, jasho linamtoka, viganja vyeupe kama deheni. Hapo ndipo mama akasema kwa sauti ya chini kwamba choo cha baba ni cheusi siku ya tatu, kinanata kama lami, na harufu yake si ya kawaida. Mzee aliona haya kutuambia sisi watoto.

Hospitali hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 5.1. Painti moja nilitoa mimi, mbili wenzake wa kazi. Tumeambiwa akapigwe kamera ya tumbo. Jirani ameshaanza kusema ni kitu alicholishwa. Yawezekana mtu amwage damu yote hiyo bila maumivu?

Muuguzi, Malindi
Pole sana ndugu yangu, na mzee mfikishie pole. Yawezekana, na kwa wazee nimeyaona mara nyingi. Diklofenaki huondoa kinga ya ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na papo hapo huficha uchungu wa kidonda kinachochimbika. Kikifika kwenye mshipa, damu humwagika ndani, asidi huigeuza nyeusi. Hata ya sindano hufanya hivyo, maana inapitia damuni.

Mwombe daktari ampime pia bakteria wa Helikobakta pilori. Marshall na Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba yeye ndiye chanzo cha vidonda vingi. Akikutwa naye, ni antibiotiki pamoja na omeprazoli ya kupunguza asidi, na dozi imalizwe.

Anayetapika damu mbichi kwa wingi, hasa mwenye ini bovu kwa homa ya ini B, pombe au kichocho cha matumbo, huenda ni mishipa ya umio, njia ya chakula, imevimba ikapasuka. Huyo hasubiri hata saa moja. Kansa ya tumbo nayo ipo, ndiyo maana kamera msiiache hata akijihisi mzima.

Mama Shela
Mwanangu, mimi nilishtuka bure: choo changu kilikuwa cheusi kwa vidonge vya madini ya chuma. Lakini hakikunata, wala sikuwa na kizunguzungu.

Mwana wa Fundi, Lamu
Ahsanteni. Sasa amefika 8.3. Mbona wasimjaze mpaka 12?

Muuguzi, Malindi
Kwa kawaida tunaongeza ikishuka chini ya 7, mwenye ugonjwa wa moyo chini ya 8. Painti moja hupandisha kama 1. Ukimjaza kupita kiasi, kidonda chaweza kuanza kuvuja upya. Kwa magoti mpeni parasetamoli, na asiguse tena diklofenaki wala ibuprofeni.

Mwana wa Fundi, Lamu
Leo nimefungua kapu lake la zana. Chini ya keke na patasi nimekuta karatasi kumi na moja za vidonge, tisa tupu. Mbili zilizobaki nimezichukua, hakuniuliza kitu. Jumapili tunavuka Mokowe, bara, kamera ni Jumatatu.