Baba anabanwa kifua apandapo ngazi: je, aache kabisa kutembea?

Bintimkubwa: Habari zenu. Baba yangu ana umri wa miaka 63 na presha anayo siku nyingi. Kwa miezi minne sasa, akipanda ngazi kwa haraka husimama katikati, akakunja ngumi na kuikandamiza kifuani, akisema amewekewa jiwe. Akipumzika dakika tatu au nne hali hutulia. Daktari amesema ni anjaina, akampa aspirini, dawa ya kushusha lehemu na vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Vidonge hivyo anavikwepa kwa sababu vilimuumiza kichwa, na kutembea ameacha kabisa. Tumwache apumzike tu?

Muuguzi Mstaafu: Pole kwa kuuguza, mwanangu. Hiyo ngumi nimeiona mara nyingi wodini, kwani mwenye anjaina ni nadra kuonyesha maumivu yake kwa ncha ya kidole. Mishipa inayoulisha moyo imesongwa na mafuta, hivyo damu inayopita humtosha akiwa ameketi lakini haitoshi mahitaji yanapoongezeka. Naitrogliserini, yaani hivyo vidonge vya chini ya ulimi, hutanua mishipa, ya kichwani ikiwamo, ndiyo maana kichwa kikamuuma. Aketi kwanza kabla ya kukiweka kidonge, maana presha hushuka ghafla na anaweza kuanguka, wala asikimeze. Vidonge vikae katika chupa yake ya kioo, kifuniko kimekazwa, kwa sababu vikihamishwa hupoteza nguvu.

Msafiri wa Asubuhi: Mimi ninaishi na anjaina mwaka wa sita sasa, na kukaa kitandani ndiko kulikonidhoofisha zaidi. Daktari akiridhia, atembee kila siku, aanze polepole, asiondoke mara tu baada ya kula akashiba, na ajihadhari na baridi kali. Mimi niliruhusiwa kuweka kidonge dakika 5 kabla ya kupanda mlima. William Heberden, tabibu wa Uingereza aliyeueleza ugonjwa huu mbele ya wenzake mwaka 1768, aliacha maandishi kuhusu mgonjwa aliyejipangia kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Simshauri mzee ashike msumeno, lakini kisa hicho hunipa moyo.

Muuguzi Mstaafu: Naongeza jambo nililopaswa kulitanguliza. Maumivu yakimjia akiwa ametulia, yakimwamsha usiku, yakianza kumjia mara nyingi kuliko kawaida yake, au yasipopungua dakika 5 baada ya kidonge, hiyo si anjaina ile mliyoizoea. Iteni gari la wagonjwa papo hapo, asijiendeshe mwenyewe. Tena, kidonge hiki hakichanganywi kamwe na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, kwani presha inaweza kuporomoka hadi kuhatarisha maisha. Wazee wengi huona haya kulitaja hilo mbele ya binti zao, kwa hiyo aulizwe faraghani.

Bintimkubwa: Nashukuru sana. Nimekagua sasa hivi: vidonge amevimimina kwenye kikopo cha plastiki pamoja na vile vya presha. Kesho namrudisha kliniki akapewe vingine na kuulizia habari ya kutembea. Hilo la faragha nimemwachia kaka yangu.