Mabaki ya shifoni

*Kikundi: Ukoo wa Ngamiani*

Rukia: Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Fundi kanirudishia mabaki ya ile shifoni ya zambarau ya gauni la harusi. Kipande kimoja kina sentimita 130, kingine 80, upana wote 75. Mtandio unatoka?

Shangazi: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Unatoka na unabaki.

Mama Zuu: Unatoka lakini itakutoa jasho. Shifoni ukiiwekea mkasi inakimbia.

Bibi: Harusi ya nani tena?

Rukia: Ileile ya Jumamosi, bibi 😂

Mjomba: Kabla ya yote, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziwashe kiberiti. Hariri inanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika. Ikiyeyuka, ni poliesta.

Rukia: Imeyeyuka mjomba, imeacha kitone cheusi kigumu.

Mama Zuu: Kama nilivyodhani. Basi pasi yako iwe ya moto mdogo, vinginevyo utaitoboa.

Shangazi: Rukia, usivigawe vipande sawasawa. Muungo ukiwa katikati utakukaa utosini, kila mtu auone. Uache kama ulivyo, mrefu na mfupi, utaangukia chini ya sikio kwenye mikunjo.

Rukia: Hapo sikuwa nimepafikiria kabisa. Na kuunga naunga vipi? Kitambaa chenyewe kinaonyesha mpaka ndani.

Mama Zuu: Unashona mara mbili. Kwanza migongo ya kitambaa igusane, nyuso zikae nje. Piga mshono nusu sentimita toka ukingoni, kisha punguza mabaki yabaki milimita tatu. Geuza, nyuso zikutane ndani, piga tena nusu sentimita. Nyuzi zote zimefungiwa humo, hakuna kinachochungulia.

Dada Mwana: Si apeleke tu ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo? Dakika mbili kwisha.

Shangazi: Ovaloki kwenye shifoni! Ukingo utakakamaa kama mdomo wa gunia. Pindo la mtandio ni la mkono. Unalowesha vidole, unaviringisha ukingo kidogo kidogo, sindano inadaka uzi mmoja tu wa kitambaa.

Mama Zuu: Wifi, huyo mtoto ana kazi Jumatatu. Mita mbili kila upande kwa mkono atamaliza lini?

Shangazi: Atamaliza akimaliza. Pindo la mkono linacheza na upepo.

Mama Zuu: La cherehani nalo linacheza, mradi liwe jembamba. Rukia, sikiliza. Pika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, mwepesi kweli, uuchuje, uache upoe. Chovya kitambaa, kitandaze kivulini kikauke, ukipige pasi. Kitasimama kama karatasi. Hapo ndipo ukate.

Rukia: Nikate kwa kufuata nini? Chaki inakivuta.

Mama Zuu: Uuvute uzi KABLA ya wanga. Kata ukingo kidogo kwa mkasi, shika uzi mmoja, uvute taratibu. Unaacha mstari mwembamba uliopauka, huo ndio unaufuata. Ukikatika, unadaka wa jirani yake.

Shangazi: Hapo sina neno. Na uzime feni! Msimu huu wa kaskazi na feni juu, kitambaa utakifuata uani.

Rukia: 😂😂 Na sindano?

Mama Zuu: Namba 9, mpya. Ya 14 inavuta nyuzi. Ukianza, shikilia ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma, la sivyo cherehani inakimeza kitambaa. Ikikataa bado, weka karatasi nyepesi chini, utaichana baadaye. Si gazeti, wino utahamia.

Rukia: Pindo?

Mama Zuu: Shona mstari nusu sentimita toka ukingoni. Kunja hapohapo kwenye mstari, shona tena karibu na mkunjo. Kata kinachozidi kwa mkasi mdogo, polepole, maana ukigusa mshono umeumia. Kunja mara ya pili, shona. Ukimaliza, fua kwa maji ya uvuguvugu, wanga utoke, kilegee.

Dada Mwana: Mimi bado niko na ovaloki.

Shangazi: Baki nayo.

Rukia: [picha] Nimetandaza juu ya mkeka, kimekauka. Cherehani yangu ina sindano ya 14 tu, na maduka ya Barabara ya 12 yameshafungwa.

Mama Zuu: Njoo na hiyo shifoni kwangu kesho saa kumi. Lakini nina kaptula za shule za kumaliza kwanza, uje na subira na vitumbua.